Kubaini uso: kazi ya kwanza ya simu ya video

Ndani ya simu nyingi zinazopiga video kutoka Bujumbura kwenda Brussels, Kigoma au Muscat kuna programu ndogo inayoitazama picha ya kamera kabla haijasafirishwa. Programu hiyo inatafuta jambo moja: je, humu mna uso? Kama umo, uko sehemu gani na una ukubwa gani? Jibu lake ni fupi sana. Hutoa mstatili mmoja kwa kila uso, mara nyingine pamoja na nukta za macho, pua na mdomo. Uso ni wa nani, programu haiulizi wala haijui.

Kwa Kifaransa, lugha ambayo wengi hapa Bujumbura wameiweka kwenye simu zao, kazi hiyo huitwa "détection de visages". Kwa Kiswahili utakuta watu wakisema "utambuzi wa uso", wengine "ugunduzi wa uso". Makala hii inapendekeza "kubaini uso", na chombo chenyewe kiitwe "kibaini uso", kama tunavyosema kipaza sauti na kipima joto.

Tuanze na maneno yaliyopo. "Ugunduzi" ni neno la kitu kilichokuwa hakijulikani: ugunduzi wa mafuta, ugunduzi wa dawa mpya. Uso ulio mbele ya kamera haujawahi kuwa siri. "Utambuzi" una tatizo kubwa zaidi, kwa sababu kutambua ni kujua fulani ni nani. Ndiyo maana kadi tunayobeba mfukoni, karangamuntu kwa Kirundi, huitwa kitambulisho. "Kubaini" limekwisha zoeleka kwenye zahanati: vipimo vya kubaini malaria husema vimelea vipo au havipo katika tone la damu, vikaishia hapo. Kazi ya programu yetu ni ya aina hiyohiyo.

Msomaji makini atapinga kwamba polisi nao husema wamembaini mwizi. Ni kweli. Lakini sarufi ya Kiswahili inatusaidia hapa. Akitajwa mtu, kitenzi hubeba kiambishi chake: kumbaini, kumtambua. Kikitajwa kiungo chake tu, tunasema kubaini uso, na mwenye uso hakuguswa. Istilahi ikishikamana na neno "uso", maana yake inabaki mahali pake.

Jinsi kazi yenyewe inavyofanyika ni hadithi ya miaka ishirini na kitu. Mwaka 2001 watafiti wawili wa Marekani, Paul Viola na Michael Jones, walieleza njia iliyoiwezesha kompyuta ya kawaida ya wakati huo, yenye kichakataji cha megahezi 700, kubaini nyuso katika picha 15 kwa sekunde. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa nzito mno kufanyika papo kwa papo. Njia yao hupitisha dirisha dogo la nukta 24 kwa 24 juu ya picha yote, kisha hulikuza dirisha na kurudia, ili nyuso za mbali na za karibu zote zipatikane. Katika kila dirisha programu hulinganisha maeneo ya mistatili: hili ni jeusi kuliko lile kwa kiasi gani? Michanganyiko inayowezekana ya mistatili hiyo ndani ya dirisha moja ni zaidi ya 160,000. Mashine ilifundishwa kuchagua yenye manufaa, na kibaini uso chao kilibaki na takriban 6,000, iliyopangwa katika hatua 38.

Siri ya kasi iko kwenye mpangilio huo wa hatua. Hatua ya kwanza hutumia ulinganisho wa aina mbili tu, na dirisha lisilofanana na uso hutupwa palepale. Ukuta, pazia na anga huondoka mapema kama makapi kwenye ungo, na nguvu ya kompyuta hubaki kwa sehemu chache zenye dalili. Ulinganisho wa kwanza unapima kama eneo la macho ni jeusi kuliko sehemu ya juu ya mashavu. Wa pili unapima kama macho ni meusi kuliko daraja la pua lililo katikati yao. Kwa hiyo mashine huanza na macho. Wasemaji wa Kirundi hawatashangaa, maana kwao uso ni "mu maso", palipo na macho.

Vibaini uso vya leo havichagui mistatili kwa namna ile. Hutumia mitandao ya neva iliyofundishwa kwa picha nyingi. Mwaka 2019 watafiti wa Google walitoa BlazeFace, kibaini uso kilichoundwa kwa ajili ya simu za mkononi. Hupunguza picha hadi nukta 128 kwa 128, hutoa mstatili na nukta sita, yaani macho mawili, ncha ya pua, mdomo na masikio mawili, na kwenye simu za bei kubwa kinaweza kupitia picha mia kadhaa kwa sekunde. Kazi yote hufanyika ndani ya simu. Kwa simu za video zenye usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, kama zile za WhatsApp, haiwezi kuwa vingine: picha ikishaondoka imefungwa, na seva zilizo njiani hazina ufunguo wa kuiona.

Sasa mstatili huo una faida gani kwa anayepiga simu? Tuchukue mama aliyeketi sebuleni mtaani Buyenzi, hapa Bujumbura, saa kumi na moja jioni, mgongo ukielekea dirisha la upande wa ziwa. Jua linashuka juu ya milima ya Kongo, na mwanga wote unaingia nyuma yake. Kamera ikipima mwangaza wa picha nzima, italiona dirisha linavyong'aa na itapunguza mwanga. Dirisha litatoka vizuri, mama atakuwa kivuli cheusi. "Mama, sikuoni, geuka kidogo," binti yake atasema kutoka Brussels. Simu inayobaini uso hupima mwangaza ndani ya mstatili wa uso peke yake. Kamera huacha mwanga zaidi uingie katika kila picha, dirisha hugeuka jeupe tupu, na ndani ya mstatili hujitokeza ukingo wa mtandio, mikunjo ya paji na macho. Mama hakugeuka, na binti anajua kama mama yake amelala vizuri usiku uliopita.

Faida ya pili ni ya mtandao, na kwa mji ambao bando hununuliwa kwa kubana matumizi, huenda ndiyo kubwa zaidi. Picha ya nukta 640 kwa 480 ina nukta 307,200. Kila nukta ikichukua biti 24, na picha 30 zikipita kila sekunde, zinahitajika megabiti 221 kwa sekunde. Simu ya video hupita kwa kilobiti mia chache tu, kwa hiyo sehemu kubwa ya habari lazima ibanwe. H.264, kanuni ya kubana video iliyotolewa mwaka 2003 na inayotumika sana hadi leo, hugawa picha katika vipande vya nukta 16 kwa 16. Picha yetu ina vipande 1,200. Kila kipande kinaweza kupewa kiwango chake cha mbano, kutoka 0 hadi 51, na kiwango kikipanda kwa 6, hatua za ukadiriaji huwa kubwa maradufu na mambo madogo madogo hupotea zaidi.

Uso wa nukta 160 kwa 192 unachukua vipande 120, yaani sehemu moja ya kumi ya picha. Bila kuelekezwa, programu ya mbano haina sababu ya kuujali uso kuliko kabati la vyombo. Ikiupata mstatili, huubana uso kidogo na kulibana kabati sana. Bando linalotumika ni lilelile, lakini midomo inaonekana ikisema na tabasamu halivunjikivunjiki. Mafundi huliita eneo hilo eneo la kipaumbele. Mtandao ukishuka kasi, eneo la kipaumbele ndilo huamua kama mazungumzo yataendelea au watu watazima kamera na kubaki na sauti.

Kuna jambo la betri pia. Kubaini uso upya katika kila picha kunakula chaji, na Bujumbura umeme hukatika. Kwa hiyo programu nyingi hubaini mara moja, kisha huufuatilia uso unavyosogea kutoka picha moja hadi nyingine, na hurudi kubaini pale tu zinapoupoteza. Hiyo ni istilahi ya pili ya kuhifadhi: kufuatilia uso.

Lakini chombo hiki hakijawatendea watu wote sawa. Joy Buolamwini, mtafiti mwenye asili ya Ghana, alipokuwa mwanafunzi katika chuo cha MIT alikuta programu ya kubaini uso haiuoni uso wake mpaka alipovaa barakoa nyeupe. Mwaka 2018 yeye na Timnit Gebru, mzaliwa wa Addis Ababa, walichapisha uchunguzi wa kazi nyingine ya karibu, ile ya mashine kukisia jinsia kwa kutazama uso. Walitumia picha za wabunge 1,270 wa Rwanda, Senegal, Afrika Kusini, Iceland, Finland na Sweden. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Nyuso za majirani zetu wa Rwanda, ng'ambo ya mto Kanyaru, ni kati ya zilizosaidia kuifichua kasoro hiyo kwa dunia. Na Septemba 2020 mwanafunzi mmoja wa uzamivu nchini Kanada alionyesha hadharani jinsi programu ya mikutano ya video ilivyokifuta kichwa cha mwenzake Mweusi kila alipoweka mandhari ya bandia nyuma yake.

Chanzo kimoja ni picha za mafunzo: mashine iliyofundishwa kwa nyuso nyingi za aina moja huzidaka hizo na kuzikosa nyingine. Chanzo kingine ni mwanga. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga mdogo kuliko nyeupe, na jioni penye balbu moja, tofauti kati ya jicho na shavu humezwa na chembechembe za kamera dhaifu. Uso usiobainiwa haupimiwi mwanga na haupewi biti zake. Anayehitaji msaada wa mashine kuliko wote ndiye anayeukosa, na hilo ni dhuluma inayopaswa kurekebishwa na wanaotengeneza vyombo hivi, kwa kuvipima kwenye nyuso na vyumba vya watu wetu.

Narudi kwenye jina, kwa sababu jina lina uzito hapa kwetu. Familia nyingi za Burundi zimetawanyika tangu machafuko ya 1972, 1993 na 2015, na simu ya video ndiyo sebule yao ya pamoja. Waswahili husema uso umeumbwa na haya. Watu wakitazamana, maneno hupata adabu na ukweli wake. Kwa familia kama hizo, simu inayobaini uso ni msaada mtupu. Mashine inayomtambua mtu ni jambo jingine. Hiyo hugeuza uso kuwa nambari, huihifadhi, kisha huilinganisha na nambari za watu wengine. Novemba 2021 Facebook ilitangaza kuufunga mfumo wake wa kuwatambua watu kwenye picha na kufuta nambari za nyuso za watu zaidi ya bilioni moja. Kwa mtu aliyekimbia makwao, kutambuliwa bila ridhaa kunaweza kuwa hatari ya maisha.

Basi familia ya istilahi iwe hivi. Kubaini uso: kuonyesha kwamba uso upo na uko wapi. Kufuatilia uso: kujua unaelekea wapi. Kuhakiki uso: kuthibitisha kwamba anayefungua simu ndiye mwenye simu. Kumtambua mtu kwa uso: kumtafuta mmoja kati ya wengi. Ni kazi nne tofauti, na kila moja inastahili ruhusa yake.

Wanaotafsiri programu kwa Kiswahili, walimu wa Bujumbura, Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) kule Tanzania na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki wanaweza kulimaliza jambo hili kwa kukubaliana tu. Faida yake itaonekana siku kioo cha simu kitakapouliza "Ruhusu programu hii ibaini uso?" na siku nyingine "Ruhusu programu hii ikutambue kwa uso?". Mama wa Buyenzi, hata kama hajasoma ufundi wowote, atajua la kwanza alikubali ili binti yake amwone vizuri, na la pili ana haki ya kulikataa.