Sikio la Mchongaji wa Santuri

Vijana wengi wa siku hizi huitamani kazi ya mastaringi, yaani kazi ya fundi aupokeaye wimbo uliokwisha kurekodiwa, akazisawazisha sauti zake kwa mara ya mwisho, kisha akatengeneza nakala kuu ambayo kwayo nakala nyingine zote huzaliwa. Swali lao la kwanza huwa ni mashine ipi inunuliwe. Historia ya kazi hiyo hulijibu swali jingine: sikio la fundi lilipatikanaje?

Zama za santuri, fundi huyu alikuwa mchongaji. Wimbo ulionaswa katika utepe ulipitishwa katika mashine yenye ncha kali, nayo ikachonga mchirizi juu ya sahani ya alumini iliyopakwa laka. Kwa sahani hiyo vilipatikana vikalibu vya chuma vya kupigia chapa santuri za kuuzwa. Kazi ilikuwa na sheria zisizobembelezeka. Besi nene huupanua mchirizi, ukala nafasi ya nyimbo nyingine. Sauti kubwa mno huitupa sindano nje ya njia yake. Na herufi kama "s", ikiimbwa kwa ukali, hukwaruza. Santuri ndefu, iliyotolewa na kampuni ya Columbia mwaka 1948, iliongeza mtihani mwingine: kadiri muziki wa upande mmoja ulivyorefuka, ndivyo sauti ilivyopaswa kupunguzwa. Mchongaji alijifunza kusikia kwa kuchelea kuiharibu sahani.

Wala hakuna aliyeianza kazi hiyo kileleni. Geoff Emerick aliingia studio za EMI, London, mwaka 1962, akiwa kijana mdogo. Alitumika kama msaidizi, akapita chumba cha kuchongea, ndipo mwaka 1966, umri wake miaka 20, akakabidhiwa kuirekodi Revolver ya Beatles. Kwake uchongaji ulikuwa ngazi. Kwa Bob Ludwig wa Marekani ulikuwa makao. Huyu alikuwa mpiga tarumbeta, msomi wa Eastman School of Music, akafunzwa kazi ya studio na Phil Ramone mjini New York. Mwaka 1969 aliichonga Led Zeppelin II kwa nguvu nyingi. Kama alivyosimulia mwenyewe, santuri hiyo ya kampuni ya Atlantic ilipigwa kwa gramafoni hafifu, sindano ikaruka. Kampuni ikaamuru santuri ichongwe upya kwa sauti ndogo. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa la gramafoni. Leo wakusanyaji wa santuri huitafuta ile ya kwanza kwa bei kubwa, wakiitambua kwa herufi RL zilizochongwa karibu na kibandiko.

CD ilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1982, sindano iliondoka, na ile hofu ikaondoka nayo. Kampuni zilishindana kuongeza ukubwa wa sauti, hata mwaka 2008 wapenzi wa Metallica wakanung'unika kwamba Death Magnetic imebanwa hadi kukwaruza. Tena kompyuta imemwezesha kijana kuanza peke yake chumbani mwake, pasipo mzee wa kumwambia, "Hapo umezidisha."

Ludwig alistaafu mwaka 2023. Katika karakana yake ya Portland, Maine, Adam Ayan alianza kazi chini yake, akakaa miaka mingi akisikiliza, hata akawa fundi mwenye sifa zake mwenyewe.