Kichwa Kinachoitika: Historia ya Ving'amuzi vya Treni za Mfano

Kichwa cha treni kikiwekwa juu ya reli ya kuprogramu na kuulizwa namba yake, hakijibu kwa taa wala kwa king'ora. Hutikisika. Ni mtikisiko mdogo mno, kama wa mtu aliyeguswa bega usingizini. Ukiwa umekiwekea kidole utauhisi. Vinginevyo utausikia tu: tik, kimya, tik. Kila tik ni "ndiyo". Mafundi wa treni za mfano wamezungumza na vichwa vyao hivi kwa zaidi ya miaka 30, na mimi naiona historia ya ufundi wao kuwa ni ya watu walioamua kwamba kila kichwa kiwe na jina lake, kisha wakakubaliana kuyaita majina hayo kwa lugha moja. Kukubaliana ndiko kulikokuwa kugumu.

Zamani treni ya mfano haikuwa na jina. Umeme ulitoka kwenye transfoma ukaingia relini, na chochote kilichosimama juu ya reli hizo kilikwenda. Ukiongeza volti, vyote vinakimbia. Ukigeuza chanya na hasi, vyote vinarudi nyuma. Mwenye vichwa viwili ilimbidi aikate njia yake vipande vipande, kila kipande na swichi yake, hata nyaya chini ya meza zikasongamana kama mizizi ya mkoko. Aliyeshika mpini alikuwa akiendesha reli, na treni ikifuata.

Mwaka 1963 kampuni ya General Electric ya Marekani ilitoa mfumo ulioitwa ASTRAC, uliopitisha mawimbi katika reli zilezile ili kuongoza vichwa vitano, kila kimoja peke yake. Haukudumu. Mwaka 1979 Hornby wa Uingereza wakaleta Zero 1, vichwa 16. Katikati ya miaka ya 1980 Märklin, kampuni ya Göppingen, Ujerumani, iliyoanza mwaka 1859 kwa kutengeneza vyombo vya bati vya nyumba za wanasesere, ikaleta mfumo wake wa dijitali wenye anwani 80, uliojengwa juu ya chipu za Motorola. Huo ulidumu. Lakini kila kampuni ilikuwa na lugha yake, na kichwa cha huyu hakikusikia neno la yule.

Treni za Märklin zilitumia reli ya tatu katikati. Wenye reli mbili walihitaji mfumo mwingine, na kazi hiyo ilimwangukia Bernd Lenz, mhandisi wa Giessen, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1980 alizitengenezea kampuni za Märklin na Arnold mfumo wa reli mbili.

Hapo ndipo NMRA ilipoingia. Hiki ni chama cha Wamarekani wanaounda treni za mfano, kilichoasisiwa Milwaukee mwaka 1935 kwa sababu ya magurudumu: gurudumu la kiwanda hiki lilikuwa haliingii vizuri kwenye reli ya kiwanda kile. Kwa hiyo ugomvi wa lugha za dijitali haukuwa mgeni kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kamati yao iliipima mifumo iliyokuwapo, ikachagua wa Lenz uwe msingi, ikaupanua, na mwaka 1994 chama kikaupitisha kuwa kanuni. Lenz angeweza kuufungia mfumo wake kabatini akauza peke yake. Aliuachia uwe wa wote, na mimi namhesabu kuwa mkubwa wa ufundi huu kwa hilo zaidi ya saketi zake.

Neno king'amuzi msomaji analijua kwa sababu ya televisheni, na hapa kazi ni ileile: ujumbe mwingi unapita, chombo kinachukua kile kinachokihusu. Relini umeme upo wakati wote, nao unageuka pande mara maelfu kwa sekunde. Mgeuko wenyewe ndio herufi. Nusu ya wimbi ikidumu mikrosekunde 58 ni moja. Ikidumu 100 au zaidi ni sifuri. Kwanza hupita moja nyingi mfululizo, kama mtu anayebisha hodi, kisha anwani, kisha amri, na mwisho baiti ya kuhakiki kwamba hakuna kilichoharibika njiani. Vichwa vyote husikia. Anayeitwa ndiye anayetii.

Kukiingiza king'amuzi ndani ya kichwa cha zamani ni kazi ya mikono mitulivu. Kina ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, wakati mwingine hata chini ya hapo. Waya mwekundu na mweusi huchukua umeme wa reli, wa rangi ya chungwa na wa kijivu huenda kwenye mota, mweupe kwenye taa ya mbele, wa njano kwenye ya nyuma, wa buluu ni wa taa zote. Hatari iko kwenye mota. Katika vichwa vingi vya zamani mguu mmoja wa mota uligusa fremu ya chuma, na fremu ikagusa reli. Ukisahau kuutenganisha, umeme wa reli unaingia moja kwa moja kwenye king'amuzi na kinaungua hata kabla treni haijasogea. Ndiyo maana fundi mzuri hupima kwa mita kwanza, kisha hupima tena, ndipo anashika chuma cha kulehemu.

Kikishakaa, hupewa tabia. Tabia hizo ni namba kati ya 0 na 255 zinazoandikwa katika visanduku vya kumbukumbu, ambavyo mafundi huviita CV. CV1 ni anwani fupi. CV2 ni volti ya kuanzia, CV3 ni jinsi kinavyoshika mwendo taratibu, CV4 ni jinsi kinavyopunguza. Kichwa kizito cha kuvuta mizigo kilichowekewa CV3 ndogo huruka kama panya, na macho hayakubali. Ukiiongeza, uzito unarudi.

Namba kubwa zina hesabu yake. Tuchukue 5918, namba ya Mount Gelai, kile kichwa cha mvuke cha aina ya Garratt cha Reli ya Afrika Mashariki kilichoko kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Baiti moja, inayoishia 255, haiwezi kuibeba namba hiyo. Unaigawa kwa 256, unapata 23 na baki 30. Unaongeza 192 kwenye 23, inakuwa 215, hiyo unaiandika CV17. Zile 30 zinaingia CV18. Kisha, na hapa wengi huteleza, lazima uiambie CV29 kwamba anwani ndefu ndiyo itumike: kama ilikuwa 6 unaongeza 32, inakuwa 38. Usipofanya hivyo kichwa kinaendelea kuitika jina la utotoni, namba 3, ambayo karibu ving'amuzi vyote hutoka nayo kiwandani, na mtu anafungua skrubu kutafuta waya uliokatika ilhali waya wote ni wazima.

Kukumbuka namba hizi zote ni mzigo. Bob Jacobsen, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na wenzake wa kujitolea, waliandika programu ya kompyuta iitwayo JMRI, wakaitoa bure. Ndani yake mna mafaili yanayoeleza CV za ving'amuzi vya kila kampuni, kazi iliyokusanywa na watu wengi, namba kwa namba. Mwaka 2005 kampuni ya Matthew Katzer ilimdai Jacobsen zaidi ya dola 200,000 ikitaja hataza. Mwaka 2006 Jacobsen akaenda mahakamani, na shauri likaja kugusa mafaili yale: yalikuwa yametumika katika programu ya Katzer bila majina ya waandishi wala masharti ya leseni. Mahakama ya chini ilisema huo ni mgogoro wa mkataba tu. Agosti 13, 2008 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ilikataa: masharti ya leseni huria ni masharti kweli, na anayeyakiuka anaweza kuwa amevunja hakimiliki hata kama kazi ilitolewa bila malipo. Mwaka 2010 wakapatana, na Jacobsen akaahidiwa dola 100,000. Wanasheria wa programu huria huitaja hukumu hiyo hadi leo, nayo ilizaliwa kwenye meza ya treni za mfano.

Siku hizi kuna RailCom, iliyotoka tena kwa Lenz, inayokiwezesha kichwa kujibu kikiwa mwendoni, bila kutikisika. Lakini kichwa chenye king'amuzi cha miaka ya 1990 bado kinaitika kwenye mtambo wa kuongozea treni ulionunuliwa jana, kwa hiyo reli ya kuprogramu haijaondolewa. Juu yake mtambo huuliza biti moja moja, nane zote: hii ni moja? Kichwa chenye namba 3, ambayo ina biti mbili tu za moja, hutikisika mara mbili. Kisha mtambo huuliza kwa uhakika: wewe ni 3? Kinatikisika mara ya tatu.