Picha pacha na wapiga picha wa safari

Agosti 1860, maofisa wawili wa jeshi la Waingereza la India waliteremka Unguja wakijiandaa kwenda bara kutafuta chimbuko la Mto Nile: John Hanning Speke na James Augustus Grant. Katika mizigo yao mlikuwa na kamera ya macho mawili. Grant aliitumia mjini, na picha zake ni miongoni mwa za mwanzo kabisa za Unguja zilizobaki. Lakini kazi ile haikufika mbali. Speke aliona ni nzito mno kwa joto la huku, akavirudisha vifaa, na Grant akaendelea na safari akichora kwa rangi za maji.

Wakati huo Ulaya ilikuwa imeshikwa na homa ya picha pacha. Mwaka 1838, kabla upigaji picha haujatangazwa rasmi, Charles Wheatstone alionyesha jijini London kwamba kila jicho huona kitu kwa upande wake, na ubongo ndio unaounganisha. Ukipiga picha mbili kwa lenzi zilizoachana kama sentimita 6.5, sawa na macho ya binadamu, kisha kila jicho likapewa yake, picha bapa hupata kina. David Brewster alitengeneza kifaa kidogo cha lenzi cha kutazamia, stereoskopu. Malkia Victoria alikipenda kwenye maonyesho makubwa ya London ya 1851, na baada ya hapo maduka hayakushikika. Mmarekani Oliver Wendell Holmes alibuni cha mkononi mwaka 1861 na hakudai hataza, ndiyo maana kikawa rahisi kununuliwa.

Watu wakishakuwa na kifaa, hutaka cha kutazama. Hapo ndipo wapiga picha walipofunga safari.

Francis Frith, aliyekuwa na biashara ya vyakula Liverpool, aliiuza akaenda Misri mwaka 1856. Kila picha ilimlazimu kuanzia mwanzo. Anaingia kwenye hema la giza, anamimina kolodioni, dawa nzito yenye etha, juu ya kioo, anakiinamisha huku na huku mpaka ienee, anakichovya kwenye maji ya nitrati ya fedha, kisha anakikimbiza kwenye kamera kingali kibichi. Akishapiga, anarudi mbio kukisafisha kabla hakijakauka. Muda wote alionao ni kama dakika 10. Hemani joto lilipita nyuzi 50, na Frith aliandika kwamba kolodioni ilimchemkia juu ya kioo. Mara nyingine alijificha ndani ya makaburi ya kale kufanya kazi yake. Kwa maelezo yake mwenyewe, gari lake la giza liliwafanya wenyeji waamini kwamba amewafungia wake zake humo.

Sasa zitazame picha hizo kwa makini. Karibu kila moja ina kitu mbele: tawi, jiwe, ukingo wa mashua, au mtu. Picha pacha isiyo na kitu cha karibu haina kina. Mlima wa mbali peke yake hubaki bapa. Kwa hiyo mwenyeji aliyeketi mguuni pa sanamu ya Misri aliwekwa pale ili jicho la mnunuzi lipate pa kuanzia, na pia ajue sanamu ina ukubwa gani. Wengi tumezoea kuzisoma picha hizi kama kumbukumbu za watu wa zamani. Mimi nadhani tuanze kwa kuuliza mtu huyo aliambiwa akae wapi, na kwa nini.

Biashara ilikuja kukua kupita kiasi mikononi mwa Wamarekani. Ndugu wawili, Elmer na Bert Underwood, walianzia Kansas miaka ya 1880 wakiuza kadi nyumba kwa nyumba, kisha wakaajiri wanafunzi wa vyuo kufanya kazi hiyo wakati wa likizo. Umachinga wa wasomi, tungesema leo. Kufikia 1901 walikuwa wakitoa kadi 25,000 kwa siku. Mpiga picha wao James Ricalton, mwalimu wa shule aliyeacha chaki, alikuwa China wakati wa vurugu za 1900, na baadaye Port Arthur Warusi na Wajapani walipokuwa wakipigana. Seti za safari ziliuzwa pamoja na kitabu na ramani zenye mistari myekundu inayoonyesha umesimama wapi na unatazama upande gani. Nyuma ya kadi, jina la picha liliandikwa kwa lugha sita: Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kihispania, Kiswidi na Kirusi. Hakuna Kiarabu, hakuna Kichina.

Sinema, postikadi na magazeti yenye picha viliua soko hilo. Kampuni ya Keystone, iliyowanunua washindani wake, ilibaki ikiuza shuleni na kwa wapimaji macho. Hazina yake ya vioo iko Chuo Kikuu cha California, Riverside.

Aliyeifufua kampuni ya picha pacha ya London Stereoscopic Company, iliyoanza mwaka 1854, ni Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen, ile ya Freddie Mercury mzaliwa wa Unguja. Anauza stereoskopu ya plastiki inayokunjwa, na kadi za zamani zinaingia humo bila shida.