Ligi ya hoki ya barafu iliyoanza pwani, 1912

Sisi watu wa Pwani barafu twaijua kwenye sanduku la samaki na gilasi ya maji ya ukwaju. Hoki ya barafu ya Kenya iko Nairobi, ambako timu ya Ice Lions hucheza katika hoteli ya Panari. Lakini leo nataka kueleza ligi iliyoanzia pwani: pwani ya Pasifiki, jimbo la British Columbia, Kanada.

Waanzilishi wake ni ndugu wawili, Frank na Lester Patrick, wote wachezaji. Baba yao, Joseph, alikuwa tajiri wa mbao. Mwaka 1911 kampuni yake iliuzwa, na pesa hizo zikawa mtaji wa ligi.

Kikwazo kilikuwa bahari. Upepo wake hupunguza baridi ya pwani ile, barafu ya asili isigande ya kutegemewa. Basi wakajenga viwanja viwili vya ndani vyenye mitambo ya kugandisha maji, Vancouver na Victoria, vya kwanza vya aina hiyo Kanada. Cha Vancouver kilichukua watazamaji wapatao 10,000.

Msimu ulifunguliwa Januari 1912 kwa timu tatu tu: Vancouver, Victoria na New Westminster. Kila upande ulikuwa na wachezaji 7. Wachezaji hodari, kama Newsy Lalonde, walivutwa kutoka ligi ya mashariki kwa mishahara minono. Frank alichezea Vancouver, Lester akachezea Victoria.

New Westminster hawakuwa na uwanja. Mechi zao za nyumbani walizicheza Vancouver, na bado wakatwaa ubingwa wa msimu huo!

Ligi hiyo changa haikubaki ndogo. Mwaka 1915 Vancouver walichukua Kombe la Stanley, na mwaka 1917 likaenda Seattle, timu ya kwanza ya Marekani kulibeba.

Nimeisimulia hadithi hii kwa sababu kiwanja tulichochezea utotoni mtaani kwetu leo kimezungushiwa ukuta, na vijana wanapigia mpira barabarani. Kila uchaguzi twaletewa jezi na mipira. Ndugu wale walianza na uwanja. Timu yaweza kuazima uwanja wa jirani, kama New Westminster, lakini lazima jirani awe nao. Sisi tukaazime kwa nani?