Audrey Hakuomba Alama za Bure

Wasee, mimi niliacha chuo, lakini cheti changu cha KCSE bado kiko kwa faili nyumbani. Kina jina langu, na herufi M. Sijawahi kuwaza kuhusu hiyo herufi.

Audrey Mbugua aliwaza sana. Ni mwanamke transjenda. Alifanya KCSE 2001, akapata A-, akasoma Maseno. Shida ni moja: cheti kilikuwa na jina la kiume na M. Ukienda kutafuta kazi, karatasi inasema huyu, mlangoni ameingia yule. Nani atakuamini?

KNEC wakakataa kubadilisha. Audrey akaenda korti. Oktoba 2014, Mahakama Kuu ikaamuru apewe cheti kipya chenye jina lake, bila alama ya jinsia. Mwaka huohuo korti ikaamuru pia shirika lake, Transgender Education and Advocacy, lisajiliwe.

Kuna watu husema hawa wanataka haki za ziada. Ziada gani? A- ilibaki A- ileile. Audrey alitaka tu ijulikane ni yake.

Ingekuwa ni cheti chako, ungenyamaza?