Katedrali ya Goma na moto wa Nyiragongo

Ndugu zetu wengi waliokimbia Masisi wamepita Goma bila kujua yaliyoipata katedrali ya Mtakatifu Yosefu. Ndilo kanisa lenye kiti cha askofu, na parokia zetu za Matanda na Mweso ni za jimbo hilo.

Alhamisi tarehe 17 Januari 2002, wakati wa Askofu Faustin Ngabu, mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni. Moto ukateremka kama uji mzito, ukaziba sehemu ya uwanja wa ndege, ukapita katikati ya mji, ukaingia katedralini, ukaendelea mpaka ziwa Kivu. Kuta zilibaki zimesimama, lakini pale waamini walipokuwa wakikaa palijaa mawe meusi. Watu karibu 400,000 walikimbia, wengi wakavuka mpaka kwenda Gisenyi. Baada ya siku chache walirudi, mawe yangali na joto, wakaanza kujenga juu yake. Nyumba zilisimama haraka. Katedrali ilibaki gofu zaidi ya miaka 10.

Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitema tena. Moto uliishia Buhene, haukufika katikati ya mji. Hata hivyo tarehe 27 gavana wa kijeshi aliamuru watu wahame, na barabara ya Sake ikajaa. Sake ni Masisi, tuwakumbushe wanaosema mkimbizi wa Masisi hana kwao Goma. Mwaka 2024 tuliteremka barabara ile ile, kuelekea Bulengo na Lushagala.