Kubadilisha motere ya gari ya zamani: namna ya kuchagua ambriyaji na volani

Bukavu iko karibu mita 1500 juu ya bahari, na barabara zake nyingi ni za kupanda na kushuka. Anayetoka Uvira kupitia Kamanyola anapanda Ngomo. Anayeelekea Kamituga anakutana na matope wakati wa mvua. Kwenye njia kama hizi, gari iliyobeba watu inasimama mlimani na kuanza tena mara nyingi kwa siku. Ambriyaji, ile ndugu zetu wa Tanzania wanaita klachi, njo inabeba kazi hiyo. Ikiteleza, gari inaweza kurudi nyuma na watu ndani.

Wenye Land Cruiser za zamani wanajua hadithi hii: motere inakufa, wanatafuta ingine ya okazio. Pesa yote inaishia kwa motere, na ambriyaji inafikiriwa siku ya mwisho. Hapo njo matatizo yanaanzia.

Kila piesi na kazi yake

Volani inayosemwa hapa si ile shofere anashika mikononi. Ni gurudumu zito la chuma linalofungwa nyuma ya vilbreke, yaani mhimili unaozunguka ndani ya motere. Pembeni iko na meno, ambayo demareri inayasukuma ili kuwasha. Disiki inabanwa kati ya volani na plato. Ukikanyaga pedali, bute inasukuma plato, na disiki inaachiliwa.

Volani inafuata motere

Matundu ya bulo kwenye volani lazima yalingane na yale ya vilbreke, kwa hesabu na kwa nafasi. Kutoboa matundu mapya ni hatari: volani isiyokaa katikati inatetemesha motere yote, na ikipasuka kwa mwendo inaweza kuua.

Mfano ni Land Cruiser HJ75 yenye motere 2H, ambayo mwenyewe anataka kuiwekea 1HZ, iliyoanza kutumika mwaka 1990. Zote mbili ni dizeli za silinda sita, bila turbo. 2H iko na sentimita za ujazo 3980, 1HZ iko na 4164. Kwa macho zinafanana. Lakini 1HZ inaendesha valvu zake kwa mkanda, na 2H kwa meno ya chuma: ni koo mbili tofauti. Usihesabu kwamba volani ya moja itaingia kwa ingine.

Kuna mtego mwingine. Motere iliyotoka kwa gari ya otomatiki haina volani. Iko na bati jembamba tu. Kabla ya kuilipa, uliza kama volani ya motere ileile ya vitesi vya mkono inapatikana. Angalia pia tundu la katikati ya vilbreke, mahali pa rulma ndogo inayoshika ncha ya mhimili wa buati ya vitesi. Mara ingine tundu hilo halijachongwa kwa kipimo kinachotakiwa.

Disiki inafuata pande mbili

Upana wa disiki unafuata volani na plato. Meno ya katikati yanafuata mhimili wa buati. Kama motere ni mpya na buati ni ya zamani, unaweza kuhitaji plato ya motere mpya na disiki ya upana uleule, lakini yenye katikati ya buati ya zamani. Jaribio ni rahisi: teleza disiki kwa mkono juu ya mhimili. Ikikwama au ikicheza sana, si yenyewe.

Bute nayo ipimwe. Plato ikiwa nene au nyembamba kuliko ile ya kwanza, bute inaweza kukosa kuisukuma vya kutosha, na vitesi vinalia. Ao inaibana wakati wote, na disiki inaungua.

Demareri lazima ilingane na meno ya volani. Angalia pia umeme: dizeli nyingi za zamani za Toyota ziko na volti 24, ingine 12.

Nguvu na mlima

1HZ inatoa nguvu ya kuzungusha karibu newtoni-mita 285. 2H karibu 240. Kwa hiyo ambriyaji ndogo ya zamani inapewa mzigo mkubwa zaidi. Kisha, hewa ya huku juu ni nyepesi, na motere isiyo na turbo inapoteza nguvu. Shofere anaongeza gesi na kushikilia pedali nusu ili gari ianze, na joto linapanda.

Ndiyo maana volani nzito inafaa hapa: inasaidia gari kuanza bila kuzima. Fundi anaweza kuisawazisha kidogo kwenye mashine, lakini asiipunguze sana. Ikiwa na nyufa, itupwe. Madoa ya bluu yanaonyesha iliungua: ipimwe kwanza kabla ya kurudishwa. Disiki za shaba zinashika kwa nguvu, lakini zinaruka wakati wa kuanza; kwa gari ya abiria, ile ya kawaida ni bora. Na kabla ya kufunga volani, badilisha joe ya mafuta iliyo nyuma ya vilbreke. Mafuta yakigusa disiki, kazi yote imepotea.

Kabla ya kupakia watu

Peleka disiki, plato na bute za zamani sokoni, uzilinganishe na mpya palepale. Usiuze motere ya zamani na volani yake kabla gari haijatembea: piesi moja ndogo inaweza kukurudisha kwayo.

Kazi ikiisha, weka gari mahali tambarare, zuia magurudumu, vuta breki ya mkono, tia vitesi ya tatu, kisha achia pedali polepole. Motere inapaswa kuzima mara moja. Ikiendelea kuzunguka, disiki inateleza. Usirudie mara nyingi, juu jaribio lenyewe linachoma disiki. Halafu panda mlima bila abiria. Motere ikilia sana na gari haiongezi mwendo, ao harufu ya kuungua ikitoka, rudi kwa fundi kabla ya kubeba mtu yeyote.